Kidevu Kilichoongoza Muziki wa Zdelin

Siku hizi wapigaji muziki humkodolea macho mtu wa fidla ya kwanza na upinde wake alioupandisha juu kama mkia wa jogoo, lakini zamani, pale kasri la Zdelin, watu kumi na wanne walikuwa wakitazama kidevu cha Prokop Zelinger, na kikishuka walianza.

Hakikuwa kidevu cha kusifiwa. Kilikuwa kifupi, kina kovu la wembe upande wa kushoto. Lakini mikono yote miwili ya Prokop ilikuwa juu ya kinanda, miguu ilikuwa chini ya kinanda, na mtu aliyekaa hivyo hana kingine cha kuwaamrishia wenzake. Kwa miaka ishirini na sita kidevu hicho kiliamua haraka na polepole katika ukumbi ule, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Prokop alikuwa mtoto wa msokota kamba. Hakusomeshwa. Alijifunza muziki kwa kuvuta mivukuto ya kinanda cha kanisa na kuchungulia karatasi za mpigaji kwa nyuma, na kila alichokijua alikipata kwa kuiba kwa macho. Ndiyo maana alikithamini kuliko wale waliofundishwa kwa fimbo.

Na alichokijua si kila mtu alikiweza. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja tu, mstari wa besi, na juu yake tarakimu ndogondogo: sita, saba, nne na mbili. Basi. Mtunzi alileta mifupa, nyama alitia Prokop. Akiona sita, vidole vyake vilijua sauti tatu za kuweka juu ya ile besi. Akiona saba, vilijua ipi iumie kidogo kabla ya kutulizwa. Jumapili alipiga hivi, Alhamisi alipiga vingine, na hakuandika hata mara moja, kwa sababu kuandika kulikuwa kama kumwandikia mtu namna ya kutafuna.

Nyuma yake alikaa Kilian na fidla kubwa, akisoma karatasi ileile juu ya bega la mwenzake, maana besi ilikuwa yao wote wawili. Kilian asubuhi alikuwa mwoka keki wa kasri. Pale Zdelin hakuna aliyelishwa kwa muziki peke yake. Prokop mwenyewe alizijaza ufunguo saa za kasri, kumi na tisa, kila siku ya pili. Kwa hiyo shingo ya Prokop ilizoea pumzi ya Kilian, yenye harufu ya vitunguu na kisibiti, na angeulizwa angesema inamkera. Alikuja kuitamani baadaye.

Kazi kubwa ya Prokop ilikuwa nyingine, na hii wasikilizaji hawakuijua. Ilikuwa kuziba mashimo. Mpiga baragumu akichelewa kuingia, au fidla ya pili ikipotea njia, ukimya unatokea pale usipotakiwa. Hapo Prokop alikuwa akimwaga sauti upesi, kama mwanamke anayefunika sufuria mgeni akipita, mpaka aliyepotea arudi. Mabwana na mabibi waliokaa mbele walitikisa vichwa wakidhani ndivyo ilivyotungwa. Baada ya muziki mpiga baragumu alimletea Prokop kikombe cha bia bila kusema neno, na Prokop alikipokea bila kusema neno. Hayo yalikuwa maisha yenye adabu.

Halafu akaja Dismas Krenn.

Kusema kweli, Prokop ndiye aliyemleta. Alimsikia akipiga fidla kwenye arusi ya msaga nafaka, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye viwiko vilivyotoboa shati, akamwombea sare kwa msimamizi wa kasri. Alimfundisha tarakimu. Alimkalisha mezani pake, yeye na binti yake Apolena, kwa kuwa mke wa Prokop alikuwa amekwisha kufa, na Apolena akampakulia madonge ya unga na kabeji chachu kama anavyopakuliwa kaka. Dismas alimwita Prokop "Mwalimu", na Prokop alilipenda neno hilo kuliko alivyoonyesha.

Miaka kumi baadaye Bwana Mkubwa wa Zdelin alisafiri kwenda Vienna kwa majira ya baridi, akataka mpiga fidla wa kufuatana naye. Hakumchukua Prokop. Alimchukua Dismas.

Dismas alirudi Machi na sanduku la karatasi za muziki, koti jipya, na kinanda cha namna nyingine. Kinanda cha Prokop kilikuwa cha manyoya: ndani yake kila uzi ulidonolewa na ncha ya unyoya wa kunguru, na manyoya hayo aliyaokota mwenyewe mashambani na kuyachonga kwa kisu. Hiki kipya kilikuwa na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Ukikigusa taratibu kilinong'ona. Ukikipiga kwa nguvu kilipaza sauti.

"Na kikikohoa mnakipa dawa gani?" Prokop aliuliza.

Wenzake walicheka, Dismas pia. Lakini Apolena hakucheka. Alikuwa ameshakaa. Alibonyeza sauti moja, akairudia taratibu zaidi, akairudia tena taratibu zaidi, mpaka ikawa kama mtu anayesema jambo nyuma ya mlango.

"Baba, njoo usikie. Kinafuata kidole."

"Changu nacho kinafuata kidole."

"Chako kinasema neno moja, Baba, hata ukikibembeleza."

Dismas alisimama nyuma yake na kumwonyesha kitu kwenye karatasi, na bega la Apolena halikusogea. Prokop alikwenda kujaza saa. Saa ya ngazini aliijaza mara mbili, ikakatika springi.

Tangu siku hiyo gere lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakujua anamwonea nani gere kwanza. Dismas kwa ajili ya binti yake? Binti yake kwa ajili ya kile kinanda? Aliwatazama wakila na kuhesabu vicheko. Dismas akimsifu, alisikia kejeli. Asipomsifu, alisikia dharau. Akimkuta Apolena anaimba jikoni wimbo ambao hakumfundisha yeye, aliuacha mkate mezani.

Mei msimamizi alikuja na taarifa. Siku ya jina la Bwana Mkubwa, sikukuu ya mtakatifu anayeitwa kwa jina lake, baada ya chakula cha mchana, itapigwa simfonia moja kutoka lile sanduku la Vienna. Bwana Mkubwa ameambiwa kwamba huko mjini okestra sasa zinaongozwa na fidla ya kwanza, na kinanda wamekiondoa katikati. Hajaamua. Atasikiliza siku hiyo, kisha atasema kama kinanda cha Prokop kitabaki ukumbini au kitatoka.

"Na kikitoka, mimi nakaa wapi?" Prokop aliuliza.

"Saa zipo," msimamizi alisema, bila ubaya.

Prokop aliichukua karatasi yake ya besi akaenda nayo nyumbani. Aliifungua mezani. Hakukuwa na tarakimu hata moja. Mstari wa besi ulikwenda peke yake kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, uchi.

"Mnakili mvivu," alimwambia Kilian, aliyekuwa amepita kutoka jikoni. "Amesahau tarakimu zote."

Kilian alipangusa unga mikononi, akasogea. "Kama ni zote, ndugu yangu, huo si usahaulifu. Huo ni mpango."

"Mpango wa nani?"

"Mimi mwoka keki. Ila nimepewa karatasi yangu peke yangu safari hii. Wamesema nisikusumbue tena begani." Alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mwenzake akaacha.

Prokop hakukubali. Kwa siku tatu alikaa na wino mwekundu, akasikiliza kichwani kila besi inataka nini, akaziandika tarakimu mwenyewe: sita, saba, nne na mbili, mamia kwa mamia. Alikuwa anafanya kazi ya mtunzi bila kuombwa. Siku ya tatu Dismas alipita akaziona.

"Mwalimu, hazikusahauliwa."

"Zilikuwa wapi basi?"

"Hazipo. Wanachotaka kisikike wamekwisha kukiandika kwa fidla za kati na zumari. Nyama imo tayari."

"Nani kaitia?"

"Mtunzi mwenyewe."

"Kwa hiyo ameandika kila kitu. Na mpigaji afanye nini? Ameze?"

Dismas alijikuna shingo. "Njoo kwenye mazoezi kesho. Ukisikia utaelewa. Kuna mahali kwenye kipande cha polepole, mahali pa ajabu. Siwezi kukueleza kwa maneno. Uje, Mwalimu."

Kesho yake Dismas angeyaongoza mazoezi hayo kwa upinde wake, kwa amri ya msimamizi. Prokop alilijua hilo. Alimtuma Apolena akaseme baba anaumwa jino.

"Jino lipi, Baba?"

"La nyuma."

"La nyuma uliling'oa Krismasi iliyopita."

"Basi lililo mbele yake. Nenda."

Alikwenda. Prokop alibaki kitandani na meno yake mazima, akisikia kwa mbali, kwa dirisha lililo wazi, muziki usiomngoja. Hawakukosea popote. Hilo ndilo lililomuuma jino kwelikweli.

Siku ya jina ilikuwa ya jua. Wageni walikuwa wamekula bata na wamenywa divai, nyuso zimewawiva. Kinanda cha manyoya kilikuwa bado katikati ya ukumbi, kwa kuwa hakijahukumiwa, na Prokop alikaa na karatasi yake nyekundu. Nyuma yake hapakuwa na pumzi. Kilian alikuwa kule ukutani na karatasi yake mwenyewe, amekaa kama mtoto aliyetengwa na ndugu zake.

Apolena alisimama mlangoni na wanawake wa jikoni.

Prokop alishusha kidevu. Wakati huohuo Dismas alishusha upinde. Walianza, na hakuna aliyejua wamemfuata nani, lakini Prokop aliwatazama wenzake na akaona macho yao yote yameelekea upande mmoja, na upande huo haukuwa wake.

Akapiga. Alipiga vizuri, kusema haki. Alitia nyama yake juu ya nyama ya mtunzi, ukawa mlo mzito kidogo, lakini nani angemlaumu.

Kikaja kipande cha polepole. Fidla zilikwenda zikipungua, zikipungua, mpaka zikawa kama zinapiga nyuma ya mlango, na Prokop akakumbuka kidole cha Apolena, na gere likamwinukia. Kwenye karatasi yake besi ilikuwa imepumzika vipimo viwili. Hilo halikumshangaza: tangu alipozaliwa, besi ikipumzika walioko juu huendelea. Akangoja waendelee.

Hawakuendelea.

Watu kumi na wanne walinyamaza mara moja. Ukumbi mzima ukanyamaza. Bibi mmoja alikuwa ameinama mbele, kinywa wazi, upepeo wake umesimama hewani. Mtunzi wa Vienna alikuwa ameutunga ukimya ule kama anavyotunga sauti, ili watu wakose pumzi, na ndipo okestra yote iwaangukie. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa ajabu. Mtu aliyekuwa kwenye mazoezi angepajua.

Lakini Prokop alisikia shimo. Shimo kubwa kuliko yote aliyowahi kusikia: wote wamepotea, wote, na huyu kijana na upinde wake ndiye aliyewapoteza. Vidole vyake havikuomba ruhusa. Vilimwaga sauti, ngazi nzima kutoka juu mpaka chini, na katikati yake viliweka saba moja inayoumia na kuituliza kwa namna ambayo hakuwahi kuipata miaka ishirini na sita. Ilikuwa safi. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizofanya maishani mwake, na kwa nukta mbili tatu alifurahi, akamtazama Dismas kama mtu anavyomtazama mwenzake baada ya kumtoa kisimani kwa kamba.

Ndipo okestra ikaanguka kwa kishindo, mahali palepale ilipopangiwa, wote pamoja, hakuna aliyepotea. Ikaangukia juu ya sauti zake. Shangazi wa Bwana Mkubwa akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mbwa akibweka kanisani. Wawili watatu wakafuata.

Apolena alitazama sakafu.

Baadaye Bwana Mkubwa aliwaita wote wawili dirishani. Alikuwa mtu mpole, anayesahau majina.

"Zuri sana," alisema. "Ila pale penye ukimya. Nani aliyetia kinanda pale?"

Prokop alifungua mdomo.

"Ni mimi, Bwana Mkubwa," Dismas alisema. "Mimi nilimwomba Mwalimu ajaze. Nilidhani wageni wataona tumesahau."

"Haya. Basi usimwombe tena."

Aliposema hivyo, alimgeukia mgeni mwingine. Hakukuwa na hukumu nyingine. Wiki ileile watumishi wanne walikibeba kinanda cha manyoya wakakiweka kwenye chumba cha matandiko ya farasi.

Prokop alimkamata Dismas kwenye korido siku ileile ya jina, nyuma ya mlango wa jikoni, wakati sahani zinapita.

"Nani alikutuma kusema vile?"

"Nilitaka kukusitiri, Mwalimu."

"Lilikuwa kosa langu."

"Ndiyo, najua."

"Hujui. Kiti umenichukulia. Binti yangu haongei neno bila jina lako ndani yake. Kosa langu nalo umelibeba, umekwenda kujifanyia sifa nalo, kila mtu leo anasema Dismas ana moyo mzuri. Mimi nibaki na nini?"

"Mwalimu, mimi nakupenda kama—"

"Nibaki na nini, nimekuuliza."

Dismas, kwa kuwa alikuwa kijana mwema, hakubuni jibu la uongo. Alikwenda kuchukua fidla yake. Apolena alipita na bakuli la matunda ya cheri, akasimama.

"Ungekuja kwenye mazoezi, Baba."

"Jino liliniuma."

"Ndiyo," alisema. "Lilikuuma sana."

Walioana mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Prokop alihudhuria kanisani, akala keki ya Kilian, akaondoka kabla ya muziki. Kwa miaka mitatu hakuwasikia wakipiga hata mara moja, na kuishi kasri moja na watu wa muziki bila kuwasikia ni kazi inayotaka bidii. Alijipangia saa za kujaza upande wa mbali. Aliendelea kuokota manyoya ya kunguru na kuyachonga, kwa mazoea, na kwa chuki kidogo. Alizoea kwenda kwenye chumba cha matandiko, ambako panya walikuwa wamezitafuna ngozi za farasi lakini hawakuyagusa manyoya yake, akapiga besi na tarakimu zake, peke yake, bila mstari wa juu. Kilian alikuja mara moja na fidla kubwa, akaketi nyuma yake kama zamani.

"Tunapiga nini?" Kilian aliuliza.

"Chochote. Nipumulie tu."

Walipiga mpaka keki zikaungua, na Kilian hakurudi tena, kwa kuwa alikaripiwa.

Dunia iliendelea kubomoka kwa adabu. Muziki ulianza kuuzwa sokoni umepigwa chapa, na mabinti wa waoka mikate waliununua wakaupiga majumbani kama ulivyoandikwa, noti kwa noti, wala hawakuhitaji kujua chochote zaidi ya kusoma. Vijana waliokuja kasri walizitazama tarakimu kama wanavyotazama maandishi ya kaburini. Mmoja alimwuliza Prokop kama zilikuwa bei.

Kisha Vienna ikawataka Dismas na Apolena. Bwana mmoja wa huko alikuwa amewasikia, akatuma gari. Siku moja kabla ya safari walipiga ukumbini saa tano asubuhi, watu wanne: Apolena kwenye kinanda cha nyundo, Dismas kwenye fidla, na wengine wawili. Ilikuwa siku ya kujaza saa ya ukumbini. Saa ile ilikuwa inaweza kungoja hata jioni, lakini Prokop aliingia na ufunguo wake, akafungua kijilango cha kioo, akawapa mgongo. Kioo kilimwonyesha kila kitu.

Dismas alipandisha upinde, kama mkia wa jogoo. Alikuwa amenenepa kidogo, koti zuri, uso wa mtu aliyezoea kutazamwa.

Hakuna aliyemtazama.

Wale wawili, mmoja kwa mmoja, walikuwa wameelekeza macho kwenye kinanda. Apolena alikuwa na mikono yote miwili juu ya vibonyezo. Kidevu chake, kifupi, hakina kovu, kilikuwa juu. Kikashuka. Wakaanza.

Hakumfundisha hivyo. Prokop alijua mambo yote aliyomfundisha mwanawe, na hilo halikuwemo. Alikuwa amelichukua mwenyewe, kwa kuiba kwa macho, miaka yote ile aliyosimama mlangoni na wanawake wa jikoni.

Upinde wa Dismas uliingia ukiwa umechelewa, kidogo sana, hata wageni wasingegundua. Prokop aligundua. Aliuona uso wa Dismas kwenye kioo, jinsi alivyowatazama wale wawili, kisha akamtazama mkewe, kisha akatazama noti zake haraka kama aliyeshikwa. Jicho lile Prokop alilijua. Alikuwa akiliona kiooni kila asubuhi akinyoa ndevu, kwa miaka mitatu.

Angeweza kungoja wamalize. Angeweza kumwita Dismas pembeni, baba mkwe na mkwe, na kumwambia jambo hili linavyoanza na mahali linapompeleka mtu, na kwamba aende kwenye mazoezi hata kama jino linamuuma. Alifikiri hivyo wakati anazungusha ufunguo. Akaufikisha mwisho, akafunga kijilango, akatoka.

Asubuhi yake alilisikia gari likitoka getini, naye yuko ngazini, na saa ile yenye springi mpya. Hakushuka. Kwa hiyo mara ya mwisho aliyowaona ilikuwa ndani ya kioo cha saa, binti akishusha kidevu cha baba yake, na mume akikitazama.